Moyo ukiwa mzito: pa kuanzia ukiwa nyumbani

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Pemba. Ni wachache wanaokuja wakasema "nina sonona". Husema moyo mzito, fikra zimenizidi, au mgongo unauma na vipimo vyote havionyeshi kitu. Nawaandikia wao.

Hatua ya 1: Jitazame. Huzuni ya msiba au ya deni huja na kupungua. Sonona hukaa: wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, unyonge au kutotamani hata ulivyovipenda, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, uchovu na kujiona hufai. Ikiwa unafikiria kufa au kujidhuru, usiendelee kusoma. Mwambie mtu akae nawe, mwende hospitali leo hii.

Haya ninayoeleza huwafaa wenye sonona nyepesi na ya wastani. Iliyo kali inahitaji matibabu, na haya huyasaidia tu.

Hatua ya 2: Shika saa ya kuamka. Wengi tunaamka kwa adhana ya alfajiri, kisha tunarudi kitandani mpaka saa nne. Usirudi. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili lini uchangamke na lini usinzie. Kaa uani nusu saa, jua lingali pole. Kahawa ya barazani baada ya isha iache kwa sasa.

Hatua ya 3: Kazi moja ndogo. Hapa ndipo penye siri kubwa. Sonona humwambia mtu angoje hamu ije ndipo afanye, na hamu haiji. Anajifungia ndani, raha zinapungua, moyo unazama, anazidi kujifungia. Tunaukata mzunguko huo kwa kuanza kufanya, hamu ikafuata nyuma.

Usiku andika kwenye daftari jambo moja la faida na moja la kuburudisha, pamoja na saa yake. Usiandike "kusafisha nyumba", andika kuosha vikombe viwili. Ukimaliza, andika moyo ulivyokuwa kabla na baada, kuanzia 0 (mzito kabisa) hadi 10 (mwepesi kabisa).

Mama mmoja mkulima wa mwani alikuwa hajafika pwani miezi miwili. Tukakubaliana kwamba maji yakitoka aende mpaka kwenye mti wa mkungu mwisho wa kijiji, awatazame wenzake, arudi. Bamvua lililofuata, maji yalipotoka sana tena, akashuka mchangani. La tatu akafunga kamba moja. Moja tu, na siku hiyo aliandika 6, naye alianzia 1.

Hatua ya 4: Tembea. Anza na dakika 10, upande taratibu mpaka 30, siku 5 kwa wiki. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini pumzi isitoshe kuimba. Vilima vyetu vya Pemba vinatosha, huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi.

Chakula: hakuna kinachotibu sonona peke yake. Kula kwa wakati hata kama ni uji, na samaki, maharage na mboga visikosekane.

Hatua ya 5: Mtu mmoja. Mchague asiyekuambia kwamba imani yako ni ndogo. Sonona ni maradhi, huwapata wacha Mungu pia. Sala na kisomo endelea navyo, mimi mwenyewe huwaombea wagonjwa wangu, lakini visiwe sababu ya kutupa vidonge. Dawa uliyoandikiwa usiiache ghafla, hata ukijiona mzima. Na kama unakunywa miti shamba, njoo nayo tuione: baadhi hugongana na dawa za hospitali.

Hatua ya 6: Baada ya wiki 4. Namba zako zikiwa hazijapanda, au zikishuka mapema zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya. Unguja ipo hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linatisha watu, wakidhani anayeingia pale ameshaitwa mwendawazimu. Wapo wanaokwenda kliniki asubuhi na adhuhuri wamerudi kazini. Lichukue daftari lako. Maswali mengi tutakayokuuliza yana majibu humo, hata kama siku hiyo huna nguvu ya kusema.