Apt imegoma kwenye sava? Soma kosa la kwanza kabla hujafuta kitu

Sava ya Ubuntu au Debian ikikataa kuinstoli kitu, wengi wanakimbilia gugo, wanakopi komandi ya kwanza wanayoiona, wanapesti, na hapo ndo shida ndogo inageuka kubwa. Nakuomba sana usifanye hivyo, hasa kama sava ina data za watu. Apt (programu inayoweka na kutoa programu nyingine, yaani pakeji, kwenye sava) huwa inasema tatizo liko wapi, ila inalisema katikati ya mistari kibao, na ule wa mwisho unaosema `Sub-process /usr/bin/dpkg returned an error code (1)` hauna msaada wowote, ni matokeo tu (dpkg ni chombo ambacho apt inakitumia kuweka pakeji). Panda juu utafute kosa la kwanza kabisa. Kama teminali ishapita usijali, yote yako kwenye `/var/log/apt/term.log`, na kujua nini kiliwekwa au kutolewa na saa ngapi angalia `/var/log/apt/history.log`.

Tuanze na kufuli maana hapa ndo watu wanaharibu sana. Ukiona

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 1482 (unattended-upgr)`

maana yake kuna programu nyingine inatumia apt muda huohuo, na mara nyingi ni hiyo unattended-upgrades inayoweka apdeti za usalama yenyewe, kwenye sava mpya iliyowaka sasa hivi utaikuta sana. Namba ya prosesi umeshapewa, iangalie kwa `ps -fp 1482`, ikiwa bado inafanya kazi iache imalize. Huna muda wa kukaa unajaribu-jaribu? Iambie apt isubiri yenyewe, hapa ni mpaka sekunde 300:

`sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=300 install htop`

Utakutana na ushauri wa kufuta faili la lock kwa `rm`. Usifute jamani. Hilo faili kuwepo tu hakufungi kitu, kinachofunga ni prosesi iliyolishika, sasa ukilifuta unaruhusu dpkg mbili ziandike `/var/lib/dpkg/status` kwa wakati mmoja na hiyo ndo rekodi ya kila kitu kilichopo kwenye sava yako.

Kama umeme au mtandao ulikatika katikati ya kazi, anza na `sudo dpkg --configure -a` halafu `sudo apt --fix-broken install`. Hii ya pili kabla hujabonyeza Y soma sehemu ya `REMOVED`, wakati mwingine suluhisho inayoliona ni kung'oa pakeji unayoitegemea. Na apgredi yoyote kubwa kwa SSH (yaani umeingia kwenye sava ukiwa mbali) irun ndani ya tmux, programu inayoshikilia teminali yako kulekule kwenye sava, bando likiisha kazi inaendelea kulekule.

Sasa lile la `error processing package`. Chukua mfano wa MySQL, Ubuntu 18.04 inapandishwa kwenda 20.04 kwa hiyo MySQL inatoka 5.7 kwenda 8.0, inafika katikati inatoa `error processing package mysql-server-8.0 (--configure)`. Hapo pakeji imeshashuka na imeshafunguliwa, kilichofeli ni skripti ya mwisho inayojaribu kuwasha huduma, yaani apt haina kosa, MySQL ndo haiwaki. Fungua `/var/log/mysql/error.log`, utakuta inalalamika `unknown variable 'query_cache_size=16M'`, kwa sababu query cache (hifadhi ya majibu ya maswali yaliyoshaulizwa) iliondolewa kabisa kwenye 8.0 na mstari huo umebaki kwenye konfigi ya zamani. Weka alama ya # mbele ya mistari ya query_cache ndani ya `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`, rudia `sudo dpkg --configure -a`, inapita. Anayekimbilia `apt purge` ataulizwa kama database nazo zifutwe, akibonyeza Yes kwa haraka data zote zimeenda. Kwa pakeji nyingine njia ni hiyohiyo, `systemctl status` na `journalctl -u` jina la huduma vitakuonyesha kwa nini haiwaki.

Kuna makosa yanayofanana na ya apt kumbe diski imejaa. Piga `df -h`, na `df -i` pia maana inode (nafasi za kuorodhesha mafaili) zinaweza kuisha huku nafasi ya diski ipo. `/boot` ikijaa ni kerneli za zamani, zitoe kwa `sudo apt autoremove --purge`, usizifute kwa mkono. `sudo apt clean` inafuta zile .deb zilizoshushwa tu.

Upande wa repo (ghala ambako apt inashusha pakeji): `404` mara nyingi hujarun `apt update`, au toleo lako limeshaisha muda, matoleo ya Ubuntu yasiyo ya LTS (yale ya muda mrefu) yanapata apdeti miezi 9 tu kisha yanahamishiwa old-releases.ubuntu.com. `NO_PUBKEY` ni ufunguo wa repo haupo, uweke `/etc/apt/keyrings` na uutaje kwa `signed-by` kwenye faili la repo hiyo, achana na `apt-key` imeshapitwa. `Release file is not valid yet` ni saa ya sava imekosewa, angalia `timedatectl`.

Pakeji zikiwa `kept back`, yaani zimeachwa bila kupandishwa, usilazimishe. Angalia `apt-mark showhold`, huenda kuna mtu alizishikilia makusudi, na Ubuntu nayo inatoa baadhi ya apdeti kwa awamu, ikiandika `deferred due to phasing` subiri tu zamu yako ifike.

Ikikuuliza kuhusu faili la konfigi ulilolibadilisha, bonyeza D uone tofauti, halafu N ubaki na lako, lile jipya litakaa pembeni likiwa na `.dpkg-dist` ulilinganishe ukitulia. Ukimaliza yote cheki kama `/var/run/reboot-required` ipo, ikiwepo panga riboot usiku watumiaji wakiwa wachache.