Kutoa picha ya kuchapisha kwenye video

Mwenye video ya harusi au mahafali anayetaka kutoa humo picha ya kuchapisha, aanze na faili halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyorekodi. Ile iliyopitia WhatsApp imeshaminywa, na hata fundi wa studio hawezi kurudisha kilichopotea. Wala usisimamishe video ukapiga skrinishoti. Ifungue kwa programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, sogea fremu moja moja (yaani picha moja moja zinazounda video) kwa kubonyeza E, na ukifika unapotaka bonyeza Shift na S. Picha itahifadhiwa kwa ukubwa kamili wa video.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua fremu. Video ya fremu 25 kwa sekunde mara nyingi hurekodiwa kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa hiyo mkono unaopunga au bibi harusi anayegeuka hutoka na ukungu ambao video ikitembea huuoni. Tafuta pale mtu alipotulia: kicheko kinaisha, kipande cha keki kimeshafika mdomoni. Ukipata nzuri, angalia na za jirani yake. Ya pili au ya tatu mbele huenda ni kali zaidi.

Video ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 inatosha inchi 4 kwa 6, usiilazimishe iwe bango. Ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, inafika A4. Pembeni patakatwa kidogo, maana video ni pana kuliko karatasi, hivyo shangazi aliyesimama ukingoni mwangalie kwanza. Na ongeza mwanga kiasi kabla ya kupeleka studio. Karatasi haing'ai kama skrini.