Bima ya gari bei chee kwa sisi wa Mbeya na majirani: nani akate ipi na ubane wapi

Tuanze na kitu ambacho mawakala wengi hawakisemi mapema. Bima ndogo haina bei ya kuzungukia mji mzima. Hii ni ile ya kumlipa utakayemgonga, ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo kabla hujaingiza tairi barabarani, na kima chake cha chini kinasimamiwa na TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini. Kwa gari ndogo ya binafsi tumeizoea laki moja, weka na VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000 kwa mwaka. Uende NIC, uende Jubilee, uende kwa wakala mwenye meza na mwamvuli pale Mwanjelwa, utakutana na hiyo hiyo. Sasa mtu akikwambia "we njoo, mi nakufanyia elfu sitini" usichekelee kwanza, muulize hiyo gari anaiandika kama nini, maana hapo ni mawili, stika feki au IST yako imeingizwa kwenye mfumo kama pikipiki. Trafiki akikusimamisha labda utapita. Siku umemgonga mtu hupiti.

Kuhakiki ni bure na ni dakika mbili. Unaingia kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa simu, unachagua namba ya usajili, unaandika plate namba yako, inakuja jina la kampuni, aina ya bima, tarehe inapoanza na inapoisha. Soma vyote sio jina la kampuni tu, hasa pale kwenye aina ya chombo na matumizi. Na ufanye ukiwa bado umesimama hapo hapo kwa wakala, sio jioni ukiwa Uyole unakula kiti moto. Hela nayo iende kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, sio namba ya simu ya huyo wakala hata kama mmesoma wote.

Kwa hiyo kama bei ya bima ndogo ni moja, unafuu unatoka wapi? Unatoka kwenye kukata bima inayolingana na gari yako na kazi yake.

Chukua mtu mwenye gari ya zamani kidogo, Vitz au Corolla ya mkononi ambayo leo ukiiuza unapata milioni sita au saba, unaendea kazini Forest na kurudi, jumapili kanisani. Jiulize swali moja, hii gari ikipotea usiku wa leo naweza kuishi mpaka nipate nyingine bila kukopa? Kama unaweza, kata ndogo, ile hela nyingine nunua tairi, maana kwa mvua za huku na ule mteremko wa Iwambi tairi zuri lina faida kuliko karatasi. Kama huwezi, kuna ya katikati, inayomlipa utakayemgonga halafu inaongeza moto na wizi wa gari yako. Mawakala wengi hawaitaji kabisa mpaka uiulize. Ila elewa, ukiivaa gari kwenye mti mwenyewe hiyo haikulipi.

Bima kubwa sasa, ile inayolipa na gari yako hata kama kosa ni lako mwenyewe. Kwa gari ya binafsi wengi wanakupigia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. IST ya milioni 12 maana yake 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Hapa ndipo watu wanapojifanya wajanja, anasema andika milioni 6 nilipe nusu. Sawa, utalipa 247,800 na utafurahi. Halafu siku unashuka Mlima Nyoka kuna ukungu, unaikuta Fuso imesimama haina hata tawi la kuashiria, bampa, sho, taa zote mbili na boneti vimekwenda, gereji wanasema milioni 2. Kampuni inaleta mtu wa kukagua, anaona gari ni ya milioni 12 we umeikatia ya 6, anasema ulijikatia nusu kwa hiyo na sisi tunabeba nusu, yaani milioni moja, na hapo bado hajatoa kile cha kwako. Upande wa pili pia hakuna ujanja, ukiandika milioni 20 kwenye gari ya 12 utalipa bima ya 20 lakini siku imeungua wanakulipa kwa bei ya sokoni. Pita kwa wauza magari wawili watatu uulize gari ya mwaka kama wako inaenda shilingi ngapi, andika hiyo. Na kila mwaka ukihuisha ishushe, gari inazeeka, wakala hawezi kukukumbusha hilo maana na yeye kamisheni inashuka.

"Kile cha kwako" nilichosema hapo juu wenyewe wanakiita eksesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa shilingi. Watu wanalinganisha bei ya bima wanasahau hii, na mimi naona ndiyo inayotofautisha kampuni na kampuni kuliko bei. Tuseme kampuni mbili zote zinataka laki nne na tisini, moja inasema kila ajali unabeba laki mbili, nyingine inasema unabeba laki tano. Hizo sio bima zenye bei sawa. Kama we mtu wa kukwaruza kwaruza kwenye parking ya Kabwe basi hiyo ya laki tano hutaitumia kamwe, utakuwa unatengeneza mwenyewe mwaka mzima. Omba karatasi ya bei ikiwa na eksesi imeandikwa, wakikataa kuandika ondoka.

Madereva wapya na vijana, kwetu umri haukupandishii sana bei kama nchi za watu, lakini kampuni nyingi zinakuongezea eksesi kama leseni yako bado changa. Kwa hiyo mzee ukimpa mwanao funguo akawapeleke bibi na babu Tukuyu, uliza kwanza. Na sema ukweli nani anaendesha, na hakikisha leseni yake haijaisha, maana leseni iliyokufa au daraja lisiloendana na gari ni sababu nyepesi kabisa ya kunyimwa madai.

Ukikaa mwaka mzima bila kudai, kuna punguzo la kutokudai. Halikujii lenyewe, unaliomba, na ukihama kampuni chukua barua kwa ile ya zamani kwamba hukudai. Ndio maana ajali ya taa moja ya elfu themanini usiipeleke bima, utapoteza punguzo kwa kitu ambacho hata eksesi hakijavuka.

Wenye kazi sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko kwenye vilio.

Noah. Kuna jamaa mmoja jirani Uyole alikuwa anapiga abiria kwenda Tukuyu na Noah yenye bima ya binafsi, kwa sababu ya binafsi ni rahisi, ya abiria inahesabiwa kwa viti. Alikuwa amekata kubwa kabisa, analipa vizuri kila mwaka. Akapata ajali, watu wakaumia, kampuni ikaja na swali moja tu kwa abiria: ulilipa nauli? Wakasema ndiyo, buku tano. Faili likafungwa. Yaani ameshatoa hela zaidi ya aliyekata ndogo ya biashara, na hakupata hata kioo. Kwa hiyo kama unabeba watu kwa nauli, hata kama ni ijumaa na jumatatu tu, kata ya abiria kwa idadi ya viti vilivyopo kwenye kadi, uende na leseni yako ya kubeba abiria ya LATRA. Hakuna njia ya mkato ya bei hapo na anayekwambia ipo anakuuzia makaratasi.

Bodaboda na bajaji mambo yao ni ya mkataba. Tajiri anakupa pikipiki, unampelekea hesabu kila wiki, mkataba ukiisha ni yako. Tajiri wengi wanakata ndogo tu, na kwa upande wao sio ujinga. Lakini ikiibiwa ukiwa umebakiza miezi mitatu nani analipa? Mara nyingi ni wewe kijana. Kabla hujasaini mwambie tajiri muongeze ya wizi, hata mkigawana, na muandike kwenye mkataba hela ya bima ikitoka inamaliza deni kwanza. Na ikatwe kama chombo cha biashara, hadithi ni ile ile ya Noah.

Kirikuu, Kenta na Fuso: bima ya gari hailipi mzigo. Rudia kusoma hapo. Umebeba viazi kutoka Isyonje, parachichi za Rungwe, mchele wa Ubaruku au mbao za Mafinga, gari ikilala Kitonga hata kama una kubwa utalipwa gari, gunia zote ni hasara ya mwenye mzigo na atakuja kwako. Kuna bima ya mzigo safarini, unaweza kuikata kwa safari moja au kwa mwaka. Kwa anayepanda Dar mara moja moja, ya safari inatosha, ila kama unapanda kila wiki piga hesabu ya mwaka utaona inashuka. Halafu utingo wako sio "mtu wa tatu", ni mfanyakazi wako, akiumia usitegemee bima ndogo imtibu, huyo anatakiwa awe ameandikishwa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Wanaovuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi, stika ya hapa inakufa getini. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kumlipa utakayemgonga inayokubalika kwenye nchi hizo. Tanzania tulitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa hiyo kadi tupo, kwa hiyo unaichukua huku huku kwenye kampuni yako ya bima kama nyongeza, unataja nchi na siku. Chukua kabla hujaondoka Mbeya, ukifika mpakani na haraka zako kuna vijana watakuuzia kitu cha njano, ndio, rangi ni yenyewe.

Wakate wapi? Ukiwa na gari moja wakala yeyote aliyesajiliwa anatosha, ila kumbuka anaitumikia kampuni. Ukiwa na gari tatu nne, nenda kwa broka, huyo anakutafutia kampuni tofauti na anaweza kuomba punguzo la gari nyingi kwa pamoja. Benki nazo siku hizi zinauza bima, CRDB na NMB, na kama gari umeinunua kwa mkopo watakulazimisha kubwa kwa hiyo hapo hamna mjadala, mjadala ni eksesi tu. Beba kadi ya gari, NIDA na TIN.

Bima ya kukopa kwa wakala hakuna, "nikatie nitakutumia mwisho wa mwezi" ni sawa na huna bima. Baadhi ya benki zina mkopo wa kulipia bima kwa awamu, uliza riba. Njia nyingine ambayo wakulima wengi hawaitumii ni kusogeza mwezi wa kuhuisha. Kama we hela yako ni ya kahawa ya Mbozi na bima inaisha Februari wakati umekaukiwa, kata ya miezi michache ikufikishe kwenye msimu halafu ndio ukate ya mwaka. Ya miezi michache ukiigawa kwa siku ni ghali kidogo, kwa hiyo unafanya mara moja tu, mwaka unaofuata tarehe imeshakaa pazuri.

Umenunua gari kwa mtu? Stika iliyopo mfumoni ni ya yule aliyekuuzia, usiseme "ina bima mpaka Desemba". Badilisha umiliki TRA, kisha nenda kampuni iliyokata wakubadilishie jina, au ukate upya.

Ikitokea ajali, piga picha kabla gari hazijasogezwa, zionekane plate namba zote mbili na barabara, ita polisi wachore, aliyeumia apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kampuni ujulishe siku hiyo hiyo. Usimwahidi mtu hela pale barabarani na usitengeneze gari kabla haijakaguliwa. Wakizungusha madai, TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, anzia huko, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni hiyo, huhitaji kuanza na wakili. Namba ya kitengo cha madai iandike kwenye karatasi ikae kwenye deshibodi pamoja na nakala ya bima, sio kwenye simu yako wewe bosi uliyeko nyumbani wakati dereva yuko Makambako saa nane usiku.