SOMO: ZFS ya mira inabuti vizuri ila majina ya diski yamevurugika

Wakuu, hili ni la wenye seva ya FreeBSD inayotumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili), yenye diski mbili za mira, yaani zinabeba data ileile, na zroot ndo puli (hifadhi ya ZFS) inayobuti. Ukipiga zpool status unakuta moja inaitwa gpt/zfs0, nyingine diskid/DISK- na linamba lirefu, basi mtu anapaniki anaanza kuchomoa diski. Tulia kwanza. ZFS haiitambui diski kwa jina, inaangalia GUID (namba ya kipekee ya utambulisho) iliyoandikwa kwenye lebo zake nne, mbili mwanzo wa patisheni na mbili mwisho, kwa hiyo data haijaguswa. Jina unalihitaji wewe, siku diski imekufa ujue unachomoa ipi.

1. Piga gpart show -l. Kama zfs1 unaiona hapo lakini ndani ya /dev/gpt haipo, lebo ya patisheni (hilo jina la gpt, siyo zile lebo nne za ZFS) haijafutika: ZFS ikishafungua patisheni kwa jina moja, GEOM (sehemu ya FreeBSD inayosimamia diski) inayaondoa yale mengine. Wengi wanakwama hapa.

2. Kama lebo haipo kweli: gpart modify -i 3 -l zfs1 ada1. Hiyo 3 iwe namba ya patisheni ya ZFS na ada1 iwe diski yenyewe kwenye mashine yako, usikopi tu.

3. Ili majina ya diskid na gptid yasitokee tena, kwenye /boot/loader.conf weka kern.geom.label.disk_ident.enable="0" na kern.geom.label.gptid.enable="0".

4. Ili puli ishike majina ya gpt, buti na flashi ya FreeBSD, piga zpool import -f -N -d /dev/gpt zroot, kisha zpool export zroot, chomoa flashi, washa. Kuna njia ya detach na attach bila kuzima, ila mpaka isawazishe unabaki na diski moja tu, mi siishauri kabisa kwenye seva yenye data za watu.

MASWALI

– Mkuu nilikopi patisheni kwa gpart backup na restore -l, sasa naona gpt/zfs0 tu.
Hiyo -l imebeba na lebo, diski zote mbili zinaitwa zfs0. Fanya hatua ya 2 kwenye ile ya pili kisha endelea.

– Nikitoa diski ya kwanza haibuti, na zpool ilikuwa inasema ONLINE!
Mira inakopi vilivyo ndani ya puli tu, patisheni ya buti haimo. Kwa BIOS: gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada1, ila hakikisha 1 ni freebsd-boot maana inaandika juu ya chochote kilichopo. Kwa UEFI kopi loader.efi kwenye patisheni ya EFI ya diski ya pili.

– Na Proxmox (ile ya Linux ya kuendesha mashine pepe)?
Huko import tumia -d /dev/disk/by-id, na upande wa buti angalia kwa proxmox-boot-tool status kama diski zote mbili zimo.