Anza na kisa, grafu ifuate: namna ya kuandaa wasilisho la kazini

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye kikao cha wakuu wa idara kuomba mfumo mpya wa kushughulikia malalamiko ya wateja. Nilikuwa na slaidi 22 na takwimu nilizozihakiki mara mbili. Nilipomaliza, mwenyekiti akasema, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Halikufanyiwa kazi. Miezi mitatu baadaye nilirudi na ombi lilelile, safari hii nikaanza kwa kusimulia simu moja tu niliyoipokea jioni. Waliniuliza maswali kwa nusu saa nzima. Tangu hapo huandaa hivi:

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaoutaka

Sentensi moja inatosha, kwa mfano: "Nataka waidhinishe mfumo mmoja wa kumbukumbu za wateja." Kisa kisichoelekea huko kiache, hata kiwe kitamu kiasi gani.

Hatua ya 2: Tafuta tukio la siku moja

Wengi hapa huanza kusimulia maisha yao. Mwaka 2005, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, alipohutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alisimulia visa vitatu tu. Katika kile cha kwanza alichukua darasa moja la mwandiko wa mapambo, alilohudhuria baada ya kuacha masomo rasmi, akaonyesha lilivyozaa herufi nzuri za kompyuta ya Macintosh. Jiulize: ni lini kazini nilikosea, nilishtuka, au nilibadili mawazo? Chukua siku hiyo.

Hatua ya 3: Warudishe pale ulipokuwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Udhaifu katika utunzaji wa kumbukumbu ulikuwa ukiwakera wateja." Ni kweli, lakini hakuna anayeona kitu. Nikaandika upya:

"Saa kumi na moja jioni nilikuwa nafunga kompyuta, simu ikaita. Mama mmoja akasema, 'Mwanangu, wewe ni mtu wa tano leo. Nakuomba usiniambie nisubiri.' Nikafungua taarifa zake. Lalamiko lake lilikuwa limeandikwa mara nne, na kila mwenzangu alikuwa ameanza upya, kana kwamba mama huyu hajawahi kupiga."

Tazama kilichobadilika. Kuna saa, kuna sauti ya mtu, kuna lalamiko lililoandikwa mara nne. Sikusema "niliumia sana". Wasikilizaji waliumia wenyewe. Futa maneno ya kusifia na kusikitikia, bakiza kilichoonekana na kilichosemwa. Na usijifanye shujaa: mimi pia niliwahi kuanza lalamiko upya bila kusoma la nyuma, nikalikiri kikaoni. Naamini ukiri huo ndio ulioondoa hofu ya kunyoosheana vidole.

Hatua ya 4: Unganisha kisa na takwimu

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja njia tatu za kumshawishi msikilizaji: hoja, hisia, na tabia ya msemaji mwenyewe. Kisa kinakupa mbili za mwisho. Hoja bado unadaiwa. Baada ya simu ile nilisema, "Mama huyu hakuwa peke yake," nikaonyesha idadi ya waliopiga zaidi ya mara tatu mwezi huo kwa tatizo lilelile. Kama takwimu zako zinaonyesha kwamba tukio ni la nadra, tafuta kisa kingine. Kumpa bosi picha isiyo ya kweli ni kumdanganya, hata kama kila neno ulilosema lilitokea.

Hatua ya 5: Linda watu

Ondoa majina na chochote kitakachomtambulisha mteja. Mwenzako akiwemo kwenye kisa, mwombe ruhusa kabla ya kikao. Jambo ambalo bado linakutoa machozi liache lipoe kwanza.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi kwa sauti

Kisa kisizidi dakika mbili, basi weka saa mezani. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati simulia kama unavyomsimulia rafiki, maana kisa kilichokaririwa chote husikika kama ripoti. Ukitumia PowerPoint, bonyeza herufi B wakati wa kuonyesha slaidi ili skrini iwe nyeusi na macho yahamie kwako. Ukifika sentensi ya mwisho, nyamaza kwa pumzi mbili, kisha bonyeza B tena ili slaidi irudi, ndipo uonyeshe grafu.