Msamaha wa Kodi ya Majengo kwa Wazee Tanzania

Mzee aliyetimiza miaka 60 husamehewa kodi ya majengo kwa nyumba moja tu, ile anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Fremu za biashara na nyumba za kupangisha hazihusiki. Kwa kuwa tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, msamaha haufiki kwenye mita bila kuombwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Ili kuomba, andaa kitambulisho cha taifa (NIDA), uthibitisho wa umiliki, barua ya serikali ya mtaa na namba ya mita, ambayo ni vyema kuinakili kutoka kwenye risiti ya umeme. Baada ya kuidhinishwa, kagua risiti ya mwezi unaofuata: makato yakiendelea, rudi nayo kwenye ofisi ulikoombea msamaha.