Kumsaidia mwanafunzi mwenye uoni hafifu katika darasa la kawaida

Mtoto anayekosea kila anaponakili ubaoni, lakini ukimuuliza kwa mdomo anajibu sawasawa, huenda tatizo ni macho, si akili. Kwanza apelekwe kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Wengine miwani pekee huwatosha. Wenye ualbino miwani huwasaidia kiasi tu, kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukomaa. Asikimbizwe Buigiri, shule ya wasioona mkoani Dodoma, kujifunza nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa) kabla hamjajaribu haya yafuatayo. Anayeweza kusoma maandishi makubwa ana haki ya kuyasoma.

Anza na dawati. Andika maneno matano ubaoni kwa herufi za sentimita 5, mwambie asogee mpaka ayasome bila kubahatisha. Aliposimama, chora alama ya chaki sakafuni. Dawati lisivuke hapo kurudi nyuma. Rudia kipimo saa sita mchana, maana jua la Dodoma la saa mbili asubuhi huingilia dirisha jingine kabisa. Mwanga umtokee nyuma au ubavuni. Wengi hukosea hapa: wanamkalisha mbele, lakini ameelekea mlango ulio wazi, na mng'ao wa kiwanja kikavu unamfumba macho. Kofia pana avae hata ndani ya darasa.

Akiinamisha kichwa upande ili asome, mwache. Macho yake huchezacheza, na mkao huo ndio unaoyatuliza. Kusogeza daftari mpaka karibu na pua hakuharibu macho. Kinachoumia ni shingo. Fundi seremala amtengenezee kibao cha mteremko cha kuweka juu ya dawati, chenye ukingo chini ili daftari lisiteleze.

Ubao uliopauka upakwe rangi ya ubao isiyong'aa. Rangi ya mafuta humeremeta, na maandishi hupotea. Kabla ya kipindi ufutwe kwa kitambaa kibichi, kwani vumbi la chaki huugeuza kijivu. Tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu na bluu hazionekani. Soma kwa sauti kila unachoandika. Badala ya "hii ukijumlisha na ile", sema "saba ukijumlisha na tisa". Aruhusiwe kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba.

Maandishi ya kuchapa yawe saizi 18 hadi 24. Ukikuza karatasi ya A4 kuwa A3, herufi za saizi 12 hufika 17 tu, kwa hiyo chapa upya inapowezekana. Kwa mkono, tumia kalamu nene nyeusi na ukoleze mistari ya daftari. Jirani amsomee anapokwama, asimwandikie: akizoea kuandikiwa, mkono wake utabaki nyuma.

Mtihani wa taifa una maandishi yaliyokuzwa, na muda wa ziada ni dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa masomo mengine. Mtihani wa saa moja na nusu wa Hisabati, basi, unaongezwa dakika 30. Mkuu wa shule aonyeshe uoni hafifu wa mtoto tangu wakati wa usajili, asisubiri wiki ya mtihani. Majaribio ya shuleni nayo yafuate muda huohuo na karatasi za aina hiyohiyo, ili siku ile asikutane na kitu kigeni.